Barua kwa Fundi: Mpira Umekuwa Mgumu Kama Kwato

Mwezi uliopita niligusia kidogo radiogramu, lile kabati lenye redio na mashine ya santuri pamoja, niliyoikuta Pangani imegeuzwa kabati la vyombo, ndani ya ile nafasi ya mashine mmepangwa vikombe. Sikujua kama nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazungukia zile mashine za santuri zinazoendeshwa kwa gurudumu la mpira badala ya mkanda.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua: ukinyanyua sahani, yaani ile ya chuma inayobeba santuri, chini yake utaona mota yenye puli ya ngazi, ngazi moja kwa kila kasi, na pembeni gurudumu dogo la mpira. Ukiwasha, gurudumu linajibana kati ya puli na ukingo wa ndani wa sahani, linaisukuma. Hakuna kingine cha ajabu mle. Garrard na BSR za Uingereza zilikuwa hivyo, Dual ya Ujerumani, Lenco ya Uswisi. Nyingi zilizofika kwetu zilikuja zimefichwa ndani ya radiogramu za miaka ya 50 na 60.

Basi tuanze.

Shikamoo Fundi. Marehemu baba alituachia radiogramu yenye Garrard, ile inayobadilisha santuri yenyewe. Imekaa stoo tangu 1994. Nimeiwasha: inazunguka kwa kujivuta, na kila wimbo una mlio wa tup-tup-tup usiokoma. Fundi wa hapa mjini amesema mota imekufa, nitafute nyingine. Pia nataka nikishaitengeneza niifunge kichwa cha kisasa cha sumaku. – Msomaji, Moshi

Marahaba mwanangu. Mota iliyokufa haizunguki. Hiyo yako ina njaa ya mafuta tu, na huyo tup-tup ni mtu mwingine kabisa.

Chukua saa yenye mshale wa sekunde uhesabu. Santuri ya 33, yaani inayozunguka mara 33 na ushei kwa dakika, humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kama tup inakuja mara moja kwa kila mzunguko, kosa ni la santuri iliyopinda, au la sahani. Kama zinakuja karibu tatu kila sekunde, ni gurudumu la mpira. Nimepima la kwangu: upana wake sentimita 5, na ukingo wa ndani wa sahani sentimita 25, kwa hiyo sahani ikizunguka mara moja, gurudumu limeshazunguka mara tano. Likiwa na kovu moja, utalisikia mara tano.

Kovu hilo limetoka wapi? Mara nyingi ni umeme. Watu wanasikiliza, umeme unakatika, wanakwenda kulala, na kiwiko, ile swichi ya kusukuma, kimebaki kwenye "washa". Mashine imenyamaza lakini gurudumu bado limebanwa pale pale. Usiku mmoja si neno. Likibaki hivyo miaka thelathini stoo, mpira unaingia bonde na hautoki tena. Kwa hiyo hata mliopo gizani: rudisheni kiwiko kwenye "zima" kwa mkono.

Sasa fungua. Kwanza chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Katikati ya sahani kuna kipete cha waya. Kichokonoe kwa bisibisi nyembamba, ukiweke kwenye kisosi. Nyanyua sahani wima kwa mikono miwili. Gurudumu nalo limeshikwa na kipete, kidogo zaidi na chenye tabia ya kuruka kama panzi, kwa hiyo kifunike na kitambaa kabla hujakigusa. Nimewahi kufagia karakana nzima usiku nikitafuta kimoja, nikakikuta kwenye mkunjo wa suruali yangu.

Bonyeza mpira kwa ukucha. Mzima hubonyea ukarudi. Uliozeeka haubonyei, na ukiugonga mezani unalia kama kwato. Usiutupe bado. Ufute kwa spiriti na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, kisha ufute puli na ukingo wa sahani vivyo hivyo. Nusu ya mashine ninazoletewa hupona hapo hapo, na wenyewe hawaamini, wanadhani nimewaficha kitu.

Ukiwa bado unateleza, tafuta msasa laini, namba 400, uugundishe kwenye kibao kilichonyooka. Gurudumu lipitishe kwenye bolti inayolingana na tundu lake, uliweke kwenye drili, ulizungushe polepole, uliguse kwa msasa kama unayepapasa shavu la mtoto. Unachotaka ni kuondoa ngozi ile inayong'aa, hutafuti kulikonda. Na hapa kuna jambo watu hunibishia kila mara: kulipunguza gurudumu hakubadilishi kasi. Gurudumu ni mpokezi tu, linapokea mwendo wa puli na kuukabidhi kwa sahani. Kasi huamuliwa na unene wa puli na upana wa ukingo wa sahani. Chora kwenye karatasi, uone mwenyewe.

Kovu likiwa refu msasa hauliwezi; agiza gurudumu jipya au peleka la zamani livishwe mpira upya. Ile mbinu ya kukata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli usiifanye. Nimeifanya ujanani. Pale pete inapoungana panagonga kuliko kovu lenyewe.

Turudi kwenye mota. Shafti yake inazunguka ndani ya bushi mbili, juu na chini, na mafuta ya kiwandani yameshageuka ulimbo. Itoe, ifungue, huku ukiandika kila skrubu imetoka wapi. Osha bushi kwa petroli nje ya nyumba, mbali na jiko, ziache zikauke kabisa, kisha tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Kama kuna kipande cha sufu kuzunguka bushi, kilowe mafuta. Hiyo ndiyo akiba yake. Ukimaliza, zungusha shafti kwa vidole: inapaswa kuendelea yenyewe kidogo ukishaiachia.

Mafuta ya cherehani, nimesema. Si ya nazi. Kuna mashine ililetwa kwangu kutoka Lushoto, malalamiko yake kwamba asubuhi haizunguki. Niliiweka mezani hapa Ngamiani, Tanga mjini, ikazunguka siku nzima bila kosa. Nikaifuta, nikairudisha, nikalipwa. Wiki haikuisha ikarudi. Nikaijaribu tena, mzima wa afya. Nikaanza kumshuku mwenye mashine, Mungu anisamehe, nikadhani hajui kuwasha. Mara ya tatu nilipanda nayo mwenyewe, nikalala kwao. Alfajiri nikaenda kuigusa shafti: imekaza kama imechomelewa. Nikanusa. Nazi. Fundi aliyenitangulia aliipaka mafuta ya kupikia, na mimi kwa uvivu sikuwahi kuifungua mota kwa sababu ilikuwa inazunguka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga mjini ni nadra uyaone yameganda kwenye chupa. Lushoto ndiyo hali yao ya kila asubuhi. Moshi yenu nayo Julai haina huruma. Malipo niliyarudisha.

Ukiwa mle ndani, angalia kapasita iliyofungwa kwenye swichi ili kuzuia ule mlio wa "pa!" spikani unapozima. Zile za zamani huvuja na wakati mwingine hupasuka. Weka mpya ya thamani ile ile, iwe imeandikwa X2, ndiyo iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani. Na grisi iliyoganda kwenye gia ya kubadilisha santuri ikwangue yote, ama mkono utakwama katikati ya wimbo.

Kuhusu kichwa cha sumaku, yaani kile kidude mbele ya mkono kinachoshika sindano: chukua ile sumaku ya mlango wa friji, iguse kwenye sahani. Ikinasa, na naamini itanasa, wazo lako liache. Sahani hizo ni bati la chuma. Sumaku ya kichwa itavutwa chini na sindano itakandamiza santuri kuliko ulivyopima. Halafu itaokota mvumo wa mota iliyo chini yake. Halafu mkono wenyewe ni mzito, umezoea kukandamiza gramu 4 au 5, wakati kichwa cha sumaku kinataka kama 2. Halafu sauti yake ni milivolti 5 tu hivi, lazima ununue na priampu yake, kifaa cha kuikuza sauti hiyo kwanza. Weka kichwa kipya cha seramiki, uendelee kufurahia.

Fundi, salaam aleikum. Nimebahatika kupata Lenco L75 nzima. Ndugu yangu asema nitupe ule mkono wake, ninunue wa kisasa, na kasha lake nilibadilishe kwa marumaru. Pesa ninayo kiasi, haitoshi vyote. Nianze na kipi? – Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Hapa umenigusa penyewe, kwa sababu L75 ndiyo ninayosikilizia mimi. Niliinunua kwa meneja Mswisi wa shamba la mkonge alipokuwa anafunga virago. Alitaka kuniuzia na jokofu, jokofu nikaliacha.

Mashine hii ilianza kutengenezwa 1967, na ufundi wake si kama wa Garrard. Shafti ya mota haina ngazi, imechongwa nyembamba kuelekea mwisho kama penseli, na gurudumu limesimama wima, linasukuma sahani kwa chini. Ukisogeza kiwiko, gurudumu linatembea juu ya shafti, na kasi inapanda au inashuka kidogo kidogo, popote unapotaka. Sahani ina karibu kilo 4 na haivutwi na sumaku. Wewe kichwa cha sumaku unaruhusiwa.

Anza na kitako, yaani hilo kasha. Bati la juu la L75 ni jembamba. Ligonge kwa kifundo cha kidole, usikie linavyolia. Kila mtikisiko wa mota unapita humo mpaka kwenye sindano. Kasha lake la kiwandani ni sanduku tupu, na sanduku tupu ni ngoma. Nunua plaiwudi ngumu ya milimita 18, kata vipande vinne au vitano vya ukubwa mmoja, vigundishe pamoja na uvibane usiku kucha. Kabla ya kugundisha, toboa katika kila kipande nafasi ya mota, ya beringi na ya kiwiko, ukitumia ramani ya katoni uliyoipima kwenye mashine yenyewe. Acha mota ining'inie kwenye springi zake bila kugusa mbao popote. Kisha bati lifunge kwa skrubu moja kwa moja juu ya mbao, liegemee sehemu kubwa iwezekanavyo. Gonga tena. Badala ya kulia, litasema "dufu".

Mimi juu kabisa nimeweka ubao wa mvule kwa ajili ya macho. Uwe mkavu kweli. Nilitumia kwanza ubao ulioletwa na mtu aliyeapa umekaa miaka miwili, ukapinda kabla ya Idi. Marumaru achia vigae vya baraza. Ni nzito, sikatai, lakini peke yake inalia kama bati lako, na ukikosea tundu umekosea moja kwa moja.

Mkono usiutupe. Kwenye mhimili wake kuna vipande viwili vya mpira, vidogo kama punje ya hindi, vyenye mkato wa V, na chuma chenye makali kinakaa humo. Karibu kila L75 niliyoiona, vimebomoka kuwa unga, na mkono unachezacheza. Watu wanausikiliza mkono mgonjwa wanasema ni mbaya. Vipya vinauzwa vya nailoni ngumu, kwa bei isiyofikia hata robo ya mkono mpya. Badilisha, badilisha na waya za ndani kama zimekakamaa, usikilize miezi sita. Ukiona bado unataka wa kisasa, kitako chako kina nafasi ya kutoboa.

Beringi kubwa ya katikati: toa shafti, futa, chungulia chini kuna gololi. Ikiwa ina alama ya kuliwa, weka mpya ya ukubwa ule ule. Tia mafuta mazito kidogo kuliko ya cherehani. Tone moja likiangukia kwenye gurudumu, unarudi kwenye spiriti.

Fundi, mpwa wangu aliye Minnesota amenitumia Dual 1219. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme kuwa 110 kama walivyoniambia. Inafanya kazi, lakini waimbaji wote wamekuwa wazee. Hata mwanamke anaimba kama babu mwenye mafua. – Msomaji, Kinondoni

Transfoma inashusha volti, haigusi mapigo. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu 50, na mota hizi zinafuata mapigo. Yako inazunguka mara tano pale ilipotakiwa kuzunguka mara sita: badala ya 33 na ushei unapata chini kidogo ya 28. Kile kirekebishi cha kasi hakifiki huko kote.

Dawa ni puli. Dual walitengeneza puli ya 50 na puli ya 60. Agiza ya 50. Ukikosa, mpelekee fundi wa kukereza vyuma hiyo uliyo nayo iwe sampuli, akukerezee mpya, umwambie kila ngazi iwe nene mara 1.2: iliyokuwa milimita 10 iwe 12. Awe mtu makini. Puli ikipotoka upana wa unywele, muziki unayumba, na huyo babu ataanza kulewa.

Kujua kama imekaa sawa huhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano juu yake, kwa sababu sindano nayo huvuta, uhesabu mizunguko. Kwa 33 lazima ifike 100 kwa dakika 3 kamili. Mizunguko 99 si haba. Ikifika 95, rudi kwa fundi wa kukereza.

Shikamoo. Bibi ameniachia santuri nzito nyeusi za taarabu, zinazovunjika kama kigae. Nimepata BSR yenye kasi ya 78. Nizioshe na spiriti kama ulivyofundisha kuosha mpira? Na mbona sauti ni ndogo sana na imejaa mikwaruzo? – Msomaji, Mji Mkongwe

Marahaba, na tafadhali weka hiyo chupa chini! Santuri hizo si plastiki, ni sheleki, na spiriti inayeyusha sheleki. Utafuta wimbo wote. Tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kitambaa laini, fuata mviringo wa mifereji, lebo usiiloweshe. Zisimamishe zikauke kivulini.

Mikwaruzo inaweza kuwa sindano. Mfereji wa 78 ni mpana. Unataka ncha nene karibu mara tatu ya ile ya LP, santuri za 33. Ncha ya LP inazama mpaka chini inakwaruza vumbi la miaka. Angalia kichwa cha mkono: vingi vya BSR vina kijiwiko unachokigeuza, upande mmoja pameandikwa 78 na mwingine LP. Huenda kimegeuziwa siko.

Sauti ndogo inanitia shaka kwamba kichwa ni cha kristali. Ile ni chumvi ya aina yake ndani, na unyevu wa pwani huila taratibu. Hakitengenezeki. Tafuta cha seramiki chenye sindano ya 78.

Na soma lebo vizuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na kazi hizo zilitoka kwenye santuri za namna hiyo hiyo. Ukikuta jina lake, usiipige mpaka sindano iwe sahihi. Mara moja kwa ncha mbovu inatosha kuijeruhi.

Fundi, huku Buyenzi, Bujumbura, umeme ukikatika natumia sola na inveta. Mashine inazunguka lakini mota inanguruma na inapata moto. Nitaiua?

Utaichosha mapema. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la ukutani, zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na mota inalihisi kama barabara ya makorongo. Ama ununue inveta inayotoa wimbi safi, ama usubiri umeme urudi. Nawe ukisubiri, kiwiko kwenye "zima".

Fundi, sina mkono wa kazi hizi. Naweza kuja nayo Tanga kwa basi? – Msomaji, Korogwe

Njoo. Toa sahani kwanza uifunge peke yake ndani ya kitenge. Ikibaki kwenye mashine itapigapiga kwenye beringi njia nzima na nitakutoza gololi. Mkono ufunge kwa uzi kwenye kishikio chake. Sindano ikitoka, itoe, uiweke kwenye kiberiti mfukoni. Na upakate mwenyewe. Usikubali iwekwe kwenye buti. Mara ya mwisho nililetewa Garrard iliyosafiri chini ya viroba vya vitunguu, nikaoshea petroli mara mbili na bado ikipata joto inanukia kachumbari.